Mwaka Niliopiga Picha za Saza

Skola alinipigia simu mwezi wa pili, asubuhi, nikiwa nafungua duka. Alisema, "Dada Atu, mama ametutoka," kisha akanitajia siku ya maziko kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Nilipanda basi kutoka Tunduma hadi Mbalizi, nikaunganisha la Mkwajuni, nikawakuta watu wameshaketi kwenye mikeka. Mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele karibu nami aliniuliza marehemu ni nani wangu. Sikuwa ndugu, sikuwa jirani, na kumwita rafiki kungekuwa kujipendelea. Skola alikuwa akipita na beseni la maji, akajibu kwa niaba yangu: "Huyu ndiye aliyepiga picha ya ile nyumba yetu ya mgodini." Yule mama akasema, "Ahaa," akaendelea na mchele wake. Hakuna aliyenitazama vibaya. Nilikaa pale siku mbili, nikaosha masufuria, nikala wali wa msiba na maharage, nikalala chini pamoja na wanawake wengine, na muda wote huo nilikuwa naufikiria mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na mitatu na sikuwa na shaka juu ya jambo lolote.

Mwaka huo nilikuwa nafanya kazi studio ya Mzee Silwimba, pale Tunduma, hatua chache kutoka mpakani. Studio ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na kigoda, kitambaa cha buluu ukutani, kioo, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho. Cha nyuma kilikuwa chumba cha giza, kimezibwa kwa mablanketi, na ndani yake kulikuwa na taa nyekundu, mabeseni matatu ya dawa, na harufu kali iliyoganda kwenye nywele zangu hata Jumapili kanisani. Humo ndimo tulimosafishia picha. Karibu wateja wote walitaka picha ndogo za hati za kusafiria, nao walipita kwa haraka: wenye biashara ya mahindi, wenye ndugu upande wa pili, akina mama wa Zambia tuliowasalimu "Mulishani" na wakacheka matamshi yetu. Mchana mke wa Mzee alituletea ugali na kisamvu kilichoungwa kwa karanga, tukala nyuma ya pazia huku tukiwasikiliza waliokuwa wakisubiri. Nilijua nani kaoa kule Nakonde, ng'ambo ya mpaka, bila kumwambia mkewe wa huku, na nani kanyang'anywa mzigo. Hawakujua kwamba pazia halizuii sauti.

Mzee Silwimba hakuwa na hamu na nyuso hizo. Alizipiga vizuri, kwa sababu alikuwa fundi, lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye majengo yaliyokufa. Ukuta mzima wa chumba cha giza ulijaa kurasa alizokata kwenye majarida: viwanda vilivyoota kutu, stesheni zisizo na treni, kambi za askari zenye miti iliyotokeza madirishani. Tulishakwenda pamoja kupiga picha za mabanda yaliyobaki baada ya wajenzi wa reli kuondoka, pia ghala moja la jeshi lililokuwa halina tena hata milango. Alikuwa akisimama mbele ya ukuta uliomenyeka rangi kama mtu aliyesimama mbele ya chakula. "Uso unadanganya, binti," aliniambia mara nyingi. "Mtu akiona kamera anavaa uso mwingine. Ukuta hauna uso mwingine." Nilikuwa kijana, sentensi ile nikaiona ni hekima. Leo nadhani alikuwa tu mtu aliyechoka kuwaambia watu wainue kidevu.

Katikati ya mwaka lilitoka tangazo la mashindano ya picha kutoka kituo kimoja cha sanaa Dar es Salaam, na mada yake ilikuwa mahali palipoachwa. Mzee alikuwa akisumbuliwa na magoti, hawezi tena kupanda malori. Alinikabidhi kamera yake nzuri, ile ya kuchungulia kwa juu, yenye kupiga picha kumi na mbili tu kwa filamu moja, akanituma Saza. "Kuna mgodi wa wakoloni kule," akasema. "Walichimba dhahabu, wakafunga, wakaenda zao. Jumba la mitambo bado limesimama. Kapige kabla watu hawajalimaliza kwa kung'oa vyuma." Wakati huo maeneo yote yale yalikuwa bado mkoa wa Mbeya. Nilisafiri siku moja na nusu, sehemu kubwa nikiwa juu ya magunia, nikafika nimegeuka rangi ya barabara.

Jumba lilikuwa kubwa kuliko kanisa lolote nililowahi kuliona. Upande mmoja ulikuwa umepoteza paa, na jua liliingia kwa mistari mirefu hadi sakafuni, juu ya misingi ya saruji iliyokuwa imebeba mashine, kila mmoja mkubwa kama ng'ombe aliyelala, na bolti zake bado zimechomoza. Nje kulikuwa na vilima vyeupe vya mchanga uliokwisha kusagwa, ambao wachimbaji wa huku wanauita marudio. Nilisimama mlangoni nikaihesabu ile mistari ya jua. Ndipo nikaona kwamba juu ya msingi mmoja wa mashine zimeanikwa karanga. Kati ya nguzo mbili ilifungwa kamba ya nguo. Kuku walikuwa wanachakura mle mlimokaa injini, na kwenye kona yenye paa, chumba kilichokuwa ofisi ya kupimia dhahabu kilikuwa kinatoa moshi.

Huko ndiko alikotokea Mama Skola, mwanamke mrefu, mkono mmoja umeshika mwiko. Alinikaribisha kabla sijajieleza. Aliishi pale na binti yake Skolastika, msichana wa miaka kumi na minane, na watoto wengine wawili wadogo. Baba mkwe wake alikuwa mfanyakazi wa mgodi, na siku wenye mgodi walipoondoka walimwambia abaki kulinda. Alilinda mpaka akafa. Mwanawe akarithi ulinzi, naye akafa, na mjane akabaki na nyumba. "Hakuna aliyetuambia tuache kulinda," alisema, akacheka. Chumba kilikuwa safi, sakafu ya saruji imepigwa deki, kitanda cha chuma kimoja, mkeka, na rafu za mbao zilizokuwa za chupa za dawa za kupimia, sasa zimebeba vikombe na Biblia na mbegu za maboga. Tulikula ugali wa mtama na samaki wakavu wa Rukwa kwa mlenda. Aliniwekea kipande chenye kichwa, cha mgeni.

Nililala kwenye mkeka pamoja na Skola. Kulipopambazuka niliwasikia nje wakiwasha moto. "Amekuja kupiga picha kuta?" mama aliuliza kwa sauti ya chini. "Kuta zina nini?" Skola akajibu, "Labda wa mjini hawana kuta mbovu." Wakacheka kwa kuzuia sauti ili wasiniamshe. Nilibaki nimelala nikatabasamu, nikawaona ni watu wema wasioelewa sanaa.

Jua lilipofika kwenye pembe niliyoitaka, niliwaomba waanue nguo. Wakaanua. Niliomba karanga zitolewe juu ya msingi, Mama Skola na watoto wakazikusanya kwenye magunia, kazi ya karibu saa nzima. Niliomba moto uzimwe kwa sababu moshi ulikuwa unaharibu mistari ya jua, na uji wa watoto ukaachwa haujaiva. Niliwaomba wawafukuze kuku. Halafu nikaona nyayo zetu kwenye vumbi, nikamwomba Skola azifute kwa tawi la mti, naye akazifuta akirudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka akatoka mlangoni. Mama yake alikuwa amesimama kando ya nguzo. Kwenye kioo cha kamera, kinachogeuza kulia kuwa kushoto, nilimwona upande wa pili, akiniangalia. "Na mimi niondoke?" aliuliza. Nikamwambia, "Samahani mama, kidogo tu." Akatoka nje, akasimama juani pamoja na watoto wake mpaka nilipomaliza filamu.

Nimewahi kujaribu kukumbuka kama niliona aibu yoyote siku hiyo. Sikuona. Niliwashukuru sana, nikawaachia sukari na sabuni, na Mama Skola akanifungia karanga za njiani. Tuliagana vizuri. Skola alinisindikiza hadi pale lori lilipokuwa likipakia, akaniuliza kama picha zikisafishwa nitawaletea moja. Nilisema nitaleta.

Katika chumba cha giza, picha ya saba ilipoanza kutokea ndani ya beseni, Mzee Silwimba aliishika ukingo kwa vidole viwili akaisogeza karibu na taa nyekundu. "Hapa pamekufa vizuri," alisema. Alinisaidia kukata pembeni mahali palipoonekana mpini wa sufuria. Fomu ya mashindano ilidai maelezo mafupi, na niliyaandika mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu bora: Jumba lisilo na mtu, Saza. Hakuna aliyeniamuru. Nilidhani ni jina tu, kama mtu anavyomwita mwanawe Furaha. Mwezi wa nane barua ilikuja kwamba picha imeshika nafasi ya pili, na baada ya wiki ikatoka gazetini, nusu ukurasa, na jina langu limekosewa herufi moja. Mzee alinunua nakala ya gazeti kila alipoiona. Wateja wa pasi walioneshwa hata kama hawakuuliza. Picha niliyomwahidi Skola sikuipeleka. Kila wiki nilisema wiki ijayo.

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa asubuhi yenye foleni, nikasikia "Hodi" nisiyoitegemea, nikainua kichwa nikamwona Skola amesimama nyuma ya mwanamume aliyekuwa akichana nywele. Alikuwa na lile gazeti, limekunjwa mara nne. Alisubiri wateja watatu watoke ndipo akasogea. Alinieleza bila kupandisha sauti. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye leseni, ametoka mbali, anataka kuyasaga upya yale marudio na kufunga mitambo yake palepale kwenye jumba. Familia ilipoulizwa ikasema inaishi humo. Yule bwana akatoa gazeti mbele ya mkutano wa kijiji, akasoma maandishi chini ya picha, akasema hawa wameingia juzi walipopata fununu ya mitambo yake. Kuna mkutano mwingine Alhamisi ya wiki itakayofuata.

Skola alilifungua gazeti juu ya meza ya studio, akaliweka sawa kwa kiganja. "Dada Atu," aliniuliza, "kwenye hii picha sisi tuko wapi?"

Nilimwambia, "Mlikuwa nje."

"Tulikuwa nje kwa sababu ulituomba."

"Ndiyo."

"Basi njoo useme hivyo. Maneno hayohayo tu."

Nilimwahidi. Nilimnunulia chai na maandazi, nikampeleka stendi, nikamsisitizia kwamba nitakuwepo Alhamisi. Mzee Silwimba alikuwa amesikia yote kutoka nyuma ya pazia. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akanyoosha goti lake. "Ukienda kusema picha si ya kweli," alisema, "watakunyang'anya nafasi yako. Na studio hii itaitwa ya waongo." Nilimjibu kwamba watu wanaondolewa nyumbani kwao. "Ile si nyumba, ni mtambo," alisema. "Na si wewe uliyewaondoa. Wewe ulipiga ukuta." Siku mbili baadaye ilifika barua ya kunialika Dar es Salaam kupokea cheti, pamoja na nafasi ya mafunzo ya miezi sita. Sherehe ilikuwa Alhamisi ileile.

Nilikwenda Dar es Salaam. Nimekwisha kulisimulia jambo hili kwa namna nyingi, na katika baadhi ya namna hizo nilikuwa sina njia nyingine, kwa hiyo afadhali nilisimulie sawasawa: njia ilikuwepo, niliijua, na nilipanda basi la upande wa pili. Ukumbi ulikuwa na feni zinazozunguka polepole na sambusa kwenye trei. Picha yangu ilikuwa imekuzwa, urefu wake ulinifika kifuani. Wageni wawili walisimama mbele yake, mmoja akamwambia mwenzake, "Unasikia ukimya wake?" Mwenzake akasema, "Hata nyayo hakuna." Niliisikia sentensi ile nikiwa na sambusa mdomoni. Nilichokiona ni Skola akirudi kinyumenyume na tawi mkononi. Nilipokea cheti, nikapigwa picha nimekishika, nikatabasamu. Asubuhi yake niliwaambia wenyeji kwamba mafunzo sitayaweza, na badala ya kurudi Tunduma nilishuka Mbalizi nikatafuta gari la Mkwajuni.

Mkutano wa Alhamisi ulikuwa umekwisha kuamua: familia iondoke ndani ya siku kumi. Mama Skola alinipokea, akanipa maji ya kunywa. Skola aliniona, akaingia ndani. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikamwomba nisikilizwe, naye baada ya kuniangalia sana akaitisha watu Jumapili kwenye darasa la shule ya msingi. Nilisimama mbele ya ubao nikasema niliyokuja kuyasema. Kamba ya nguo ilikuwa hapa, karanga zilikuwa pale, moto ulikuwa unawaka, niliomba vyote viondolewe. Nilitoa vipande vya filamu nilivyokuwa nimekwenda navyo Dar es Salaam, nikawaonesha kwenye dirisha ile picha yenye mpini wa sufuria kabla haijakatwa. Vilipita mkono kwa mkono, watu wakivitazama kwa jicho moja.

"Kwa hiyo picha ni ya uongo?" mwenyekiti aliuliza.

"Kuta ni za kweli," nilisema. "Maandishi ndiyo ya uongo."

"Na maandishi aliandika nani?"

"Mimi."

Kuna aliyecheka nyuma. Mwenye leseni, mtu mpole aliyevaa shati jeupe, alinyoosha mkono akauliza kama nimelipwa kusema haya. Nikasema hapana. Akasema yeye alisoma tu kilichoandikwa, na ni kweli, alisoma tu. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi mgodini utotoni alisimama akasema kila mtu humu anajua nani analala mle, na kama watu walikaa kimya mkutano uliopita ni kwa sababu wanangoja ajira kwenye mitambo mipya. Baada ya hapo walizungumza kwa saa nyingi. Leseni haikufutwa. Lakini ilikubaliwa kwamba familia ile ni wakazi na si wavamizi, wapewe kiwanja ng'ambo ya kijito, wachukue mabati yaliyobaki juu ya chumba chao, na wasihame mpaka kibanda kipya kisimame. Ndicho nilichokipata. Ningekuja Alhamisi, huenda wangepata zaidi. Huenda pia wasingepata. Mama Skola hakuwahi kuligusia hilo, wala mimi sikuthubutu kumuuliza.

Niliandika barua Dar es Salaam kueleza, na nafasi ya pili ikapewa mtu mwingine. Mzee Silwimba hakunifukuza. Hakunisemesha wiki mbili, tukala mchana bila neno, kisha siku moja akasema kisamvu kimezidi chumvi, tukaendelea. Lakini kamera yake hakunikabidhi tena. Niliazima ndogo ya mwenzangu wa duka la jirani nilipokwenda Saza mara ya mwisho, mwezi wa kumi na moja, kwenye joto lile linalotangulia mvua, kuwasaidia kuhama.

Mabati yalikuwa yameshashushwa. Kitanda cha chuma, mkeka, rafu, mbegu, vyote vilikuwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa jirani yao Msukuma. Mama Skola alikuwa bado ndani, anafagia. Alifagia chumba, akafagia jumba lote, kati ya misingi ya mashine, kama vile wageni watakaoingia kesho watagundua kwamba pamefagiwa. Alipomaliza hapakuwa na nguo, wala punje ya karanga, wala jivu. Jua lilikuwa limefika kwenye pembe ile. Mistari ilikuwa mirefu kuliko ya mara ya kwanza, kwa sababu sasa hata kona ya chumba haikuwa na paa, na vumbi la ufagio lilikuwa linaelea ndani yake. Lilikuwa jambo zuri kutazama. Siwezi kusema vinginevyo. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kamera kabla sijajua.

Mama Skola aliona. Alitoka, akapita karibu yangu na ufagio wake. "Piga, mwanangu," alisema. "Sasa kweli hamna mtu." Hakusema kwa uchungu, wala hakusema kwa kunisamehe. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake njia iko wazi, apite.

Nilipiga picha moja. Kisha nikaitia kamera mkobani, nikachukua tenga la kuku lililokosa nafasi kwenye mkokoteni, nikalifuata kundi. Tulishuka kuelekea kijitoni, watoto mbele, mama nyuma yao. Skola alikuwa hajanisemesha tangu siku ile ya studio, hata darasani, hata asubuhi hiyo tulipobeba kitanda pamoja, yeye kichwani na mimi miguuni. Kwenye maji alisimama, akageuka, akanitazama nilivyokuwa nimelikumbatia lile tenga.

"Shika chini," alisema. "Huyo mwekundu anadonoa."